Mizuka, Wasiwasi na Mayatima wa Bly



Huulizwa mara kwa mara, na khasa na wazazi ambao watoto wao wasoma Kiingereza skuli, kama yafaa Mwislamu kuzisoma hadithi za mizuka walizozitunga Wazungu: hadithi za majumba ya kale yenye ngazi za giza, maiti watokao makaburini, na sauti zisikikazo ukutani usiku wa manane. Wako wajibuo kwa neno moja kuwa huo ni upuuzi na ushirikina, vitabu vichomwe. Wako wengine wasemao kuwa ni mchezo tu, mtoto akisha kutetemeka na kucheka atalala. Kwa nionavyo, jawabu zote mbili ni za watu wasiozisoma hadithi zenyewe.

Upande wa itikadi hauna mjadala. Sisi twaamini kuwa majini wapo, kwa kuwa Qur'ani imetwambia. Na twaamini kuwa aliyekufa yuko barzakh, hazunguki vichochoroni kutafuta watu wa kuwatisha. Basi mzuka wa Kizungu, yaani maiti arudiye kwake, si katika imani yetu. Lakini kitabu hakipimwi kwa hilo peke yake. Hekaya za Alfu Lela Ulela zimesimuliwa barazani kwetu miaka na miaka, na hapana mzee aliyedhani kuwa msimuliaji ataka tumwamini yule jini wa mtungini aliyevuliwa na mvuvi. La kuuliza ni jingine: hadithi hii yamkhofisha msomaji kwa kitu gani, na khofu hiyo yampeleka wapi?

Asili ya hadithi hizi yajulikana. Mwaka 1764 bwana mmoja wa Kiingereza, Horace Walpole, alitoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto, akadai kuwa amekifasiri kutoka maandishi ya kale ya Kitaliana. Kilipopendwa na watu, akakiri katika chapa ya pili ya mwaka 1765 kuwa ni yeye aliyekitunga, na akakiita hadithi ya Kigothi. Hilo ni jina la kabila la kale la Ulaya, nao Waingereza wa siku zile walilitumia kwa kila kitu cha zama za kati: ngome, makanisa, matao yaliyochongoka. Kitabu chenyewe, kusema kweli, ni kibovu. Siku ya arusi yaanguka kofia ya chuma kubwa kupita kiasi cha binadamu, yamponda bwana arusi. Picha yashuka ukutani ikatembea. Sanamu yatoka damu puani. Msomaji wa leo atacheka pale pale ambapo Walpole alitaka atetemeke.

Lakini tazama msingi wake. Kwa nini ngome ile haikaliki? Kwa sababu babu yake Manfred, mwenye ngome, alimtilia sumu bwana wake Alfonso, kisha akaghushi wasia, na mali ile ya haramu wakairithi wanawe na wajukuu. Hapa msomaji wa pwani hahitaji mfasiri. Nani asiyeijua nyumba ya mjini ambayo ndugu hawasalimiani, mlango umetiwa makufuli mawili, popo wamejaa darini, na watoto huambiwa wasipite hapo magharibi, na sababu yake yote ni kuwa mirathi haikugawiwa kwa haki? Hamna mzuka ndani yake. Mna hati iliyofichwa. Walpole, pamoja na ubovu wote wa uandishi wake, aliligusa jambo hilo, na waliomfuata wakaendelea kulichimba: nyumba hutisha kwa yaliyotendwa ndani yake.

Akaja Bibi Ann Radcliffe na The Mysteries of Udolpho mwaka 1794. Kwake yeye kila cha kutisha hufasiriwa mwishoni. Pazia jeusi lililomfanya msichana Emily azimie, nyuma yake kumbe ni sanamu ya nta. Njia hii twaijua kwa mtungaji wetu wa Unguja, Muhammed Said Abdulla, ambaye katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) alimpeleka Bwana Msa na kiko chake mpaka mzimuni, akatuonyesha kuwa muuaji ni mtu kama sisi. Naipenda njia hii, ila ina upungufu wake: pazia likisha funuliwa khofu imekwisha, na msomaji afunga kitabu akijiona mwerevu, bila ya kuulizwa lolote juu ya nafsi yake.

Aliyeiacha ngome akautia mzuka moyoni ni Mmarekani Edgar Allan Poe. Kisa chake The Tell-Tale Heart cha mwaka 1843 ni kurasa chache tu. Mtu amwua mzee asiyemkosea kitu, kwa kulichukia jicho lake. Amficha chini ya mbao za sakafu. Polisi waja, wakaa kitako wakazungumza, hawana hata shaka. Naye asikia moyo wa maiti wapiga chini ya miguu yake, wapiga, wapiga, hata apiga ukelele akakiri. Wengi huusifu mwisho huo kuwa ni ushindi wa dhamiri. Mimi sioni hivyo. Mtu yule hasemi popote kuwa amejuta. Akiri kwa kushindwa kuvumilia, si kwa kutubu. Poe ni fundi mkubwa wa kumfungia mtu chumbani na dhambi yake, lakini mlango wa toba hakuutia katika chumba kile, na kijana aliye mpweke akivisoma visa vyake kimoja baada ya kimoja huenda akadhani kuwa mlango huo haupo. Kwa hiyo mimi simpi mtoto Poe mpaka nijue hali yake.

Haya ya kuwa vita vyote viko moyoni si mageni kwetu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa ameufananisha moyo na ngome, na shetani na adui atakaye kuingia aimiliki. Wala hawezi kuilinda ngome asiyeijua milango yake. Kisha akaihesabu milango: hasira, husuda, tamaa, haraka, na mmoja wapo ni kuwadhania watu ubaya. Kumbuka mlango huo, msomaji, maana sasa twaingia katika kitabu ambacho ndicho khasa kilichonifanya nishike kalamu.

Kitabu hicho ni The Turn of the Screw cha Henry James, Mmarekani aliyehamia Uingereza, kilichotolewa mwaka 1898. Pengine watoto wako wamekiona bila ya kukijua, kwa kuwa kimefanywa filamu mara nyingi. Iliyo mashuhuri ni The Innocents ya mwaka 1961, na mwaka 2020 kikafanywa tamthilia ya mfululizo ambayo vijana wameitazama katika simu zao.

Kisa ni hiki. Watoto wawili, Miles wa miaka kumi na Flora wa miaka minane, wamefiwa na wazazi wao huko Bara Hindi. Aliyebaki wa kuwalea ni ami yao, tajiri wa London. Ami huyu awaweka katika jumba kubwa la shamba liitwalo Bly, aajiri msichana wa miaka 20, binti wa kasisi masikini, awe mlezi na mwalimu wao, na ampa sharti moja: asimsumbue hata kidogo. Asimwandikie, asimlalamikie, atatue kila jambo mwenyewe. Msichana akubali. Haukupita muda mrefu akaanza kumwona mtu juu ya mnara, kisha dirishani, kisha mwanamke kando ya ziwa. Hao, kwa alivyoelezwa na Bibi Grose, mtunza nyumba, ni Peter Quint, mtumishi wa zamani, na Bibi Jessel, mwalimu aliyemtangulia, nao wote wawili wamekwisha kufa. Mwalimu ayakinisha kuwa mizuka hiyo yataka kuwapoteza watoto, na kuwa watoto wenyewe waiona na wamficha.

Wasomaji wa Kizungu wamegombana juu ya kitabu hiki muda mrefu. Mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson aliandika kuwa mizuka haipo. Ni maradhi ya nafsi ya mwalimu mwenyewe. Wakamjibu wengine kuwa ipo: mbona alimweleza mtunza nyumba sura ya mtu asiyepata kumwona, naye akamtambua papo hapo kuwa ni Quint? Ugomvi huo haujesha hata leo, na Henry James aliusuka makusudi usiishe.

Msomaji wa nyumba ya Kiislamu, nadhani, atashtuka mapema zaidi. Atashtuka ukurasa wa mwanzo, kabla ya mzuka wowote kutokea, pale ami asemapo: msiniandikie. Sisi ni umma wa Mtume (s.a.w.) aliyezaliwa babake amekwisha kufa, akafiwa na mama akiwa na miaka sita na babu akiwa na miaka minane, kisha akachukuliwa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali chache, asimwache mpaka alipofariki. Kwa mwenye kuijua sira hiyo, kitisho cha Bly si Quint. Ni yatima wawili ambao mwenye haki ya kuwalea amelipa mshahara akanawa mikono. Katika yote niliyoyasoma juu ya kitabu hiki, ami huyu hutajwa kwa mstari mmoja akaachwa.

Tukija kwenye swali lenyewe, mzuka au maradhi, mimi naona limegawanywa vibaya. Wao wana vyumba viwili tu: ama kitu kiko nje, ama kiko kichwani mwa mtu. Sisi tuna neno la tatu, nalo ni wasiwasi. Suratun-Nas yatufunza kujilinda na mtia wasiwasi, awe katika majini au awe katika watu. Wasiwasi hutoka nje, lakini haufai kitu mpaka uukute mlango wazi ndani. Sasa soma tena mara ya kwanza Quint anapotokea. Mwalimu yuko matembezini jioni, peke yake, naye awaza jinsi itakavyopendeza lau angetokea mtu njiani, akamtazama na kuridhika na kazi yake. Ami wa watoto alikuwa amemwingia moyoni. Wakati ule ule, mtu ajitokeza mnarani. Henry James hakupata kumsoma Ghazali kwa nijuavyo, lakini hapo ameuonyesha mlango kama auonyeshaye kwa kidole: kutaka kusifiwa. Na mlango wa pili hufunguka baadaye, nao ni dhana. Kila mtoto akiwa mtulivu, mwalimu asema amefunzwa kuficha. Akicheza, ni hila. Akinyamaza, amekwisha kupotea.

Na tuseme mizuka ile ni kweli. Tuseme shetani mwenyewe amesimama kiooni. Bado kumebaki mtoto wa miaka kumi, ambaye kwa sharia yetu kalamu haijamwandikia kitu. Katika sura ya mwisho mwalimu abaki naye peke yake chumbani, ambana kwa maswali kama kadhi ambanavyo mwizi, ataka akiri, ataka alitaje jina. Uso wa Quint watokea dirishani. Amkumbatia mtoto asiuone, azidi kumbana. Mtoto alitaja jina lile, kisha akatamka neno shetani, na mpaka leo wasomaji hawajakubaliana kama lilimwelekea Quint au mwalimu. Alipomtazama vyema, akamkuta amekufa mikononi mwake.

Nani amemwua? Wahakiki waangalia dirishani. Mimi naiangalia ile mikono.

Yawezekana msomaji akasema haya ni ya Uingereza, sisi yatuhusu nini. Yatuhusu. Mwaka 1995 khofu ya Popobawa ilianza Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakikesha na moto. Nami simcheki aliyekhofu, kwani khofu ya umati si kitu cha kuchezea. Lakini katika khofu hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alikamatwa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa. Yeye hakuwa na mabawa wala kucha. Alikuwa mgonjwa, na waliomwua walikuwa na yakini.

Na si lazima ufike umati. Mara ngapi mtoto wa kike abalighiye, akapoteza usingizi na hamu ya chakula, akanyamaza, husemwa moja kwa moja kuwa ana pepo, asiulizwe na mtu kwa upole kilichompata, wala asitazamwe ni nani aingiaye na kutoka katika nyumba ile? Mara ngapi mtoto mwenye kifafa hufungwa kamba na kupigwa ili "aliyemo" atoke? Mimi siikanushi ruqya. Kumsomea mgonjwa ni sunna, na ni rehema. Ninaloliogopa ni yule mtu mzima ambaye akisha kusema "nimemwona shetani ndani yake" hamwoni tena mtoto.

Hadithi mbili nyingine zafaa kusomwa pamoja na hiyo, nami nitazitaja kwa ufupi. Ya kwanza ni Green Tea ya Joseph Sheridan Le Fanu, mtu wa Dublin, ya mwaka 1869. Kasisi Jennings akesha akiandika kitabu juu ya dini za watu wa kale na kunywa chai ya kijani, hata siku moja ndani ya gari la abiria amwona nyani mdogo mweusi mwenye macho mekundu. Tangu hapo hamwachi. Akisoma mbele ya waumini, nyani amrukia juu ya kitabu asiione mistari. Baadaye aanza kusema, amtukana Mungu, na kumwamrisha Jennings ajidhuru. Amwendea tabibu Hesselius, naye amwahidi kumjia wakati wowote amwitapo. Kisha tabibu huyo ajitenga nje ya mji asisumbuliwe, ili apate kufikiri kwa utulivu juu ya maradhi ya Jennings! Barua ya kumwita yamngoja nyumbani kwake, na alipofika kwa mgonjwa, amekwisha kujiua. Tabibu amalizia kwa kusema kuwa hakupoteza mgonjwa, kwani matibabu yalikuwa hayajaanza. Nyani yule nilimsahau. Maneno hayo ya tabibu sijayasahau.

Ya pili ni The Yellow Wallpaper ya Charlotte Perkins Gilman, Mmarekani, ya mwaka 1892. Mama aliyejifungua karibuni apatwa na huzuni na uchovu. Mumewe ni tabibu, na ampenda, jambo hilo halifichwi. Lakini amfungia katika chumba cha juu chenye vyuma madirishani, amkataza kuandika, na kila asemapo kuwa hajisikii vizuri amjibu kwa maneno ya kumbembeleza kama mtoto mdogo. Hana kitu cha kutazama ila karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani, mpaka aona mwanamke nyuma ya michoro yake, atambaa na ataka kutoka. Na mwisho ni yeye mwenyewe atambaaye, hata juu ya mwili wa mumewe aliyezimia. Gilman hakubuni tu. Baada ya kuzaa, yeye mwenyewe alitibiwa mwaka 1887 na tabibu mashuhuri, Silas Weir Mitchell, aliyemwamuru alale asiguse kalamu, na mwaka 1913 akaeleza kwa maandishi kuwa alitunga kisa kile ili watu waokoke na matibabu kama hayo.

Wanawake wa kwetu waliokisoma wameniambia jambo ambalo mimi mwanamume nisingeliona: kuwa mama yule hana arobaini. Hana mama yake, hana shangazi, hana wa kumkanda maji ya moto na kukaa naye kitandani kusikiliza anung'unikayo. Ana mtaalamu peke yake. Ni kweli, na ni neno la kutufurahisha, mpaka tukumbuke kuwa siku hizi mabinti wengi huzalia Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, mbali na mama zao, na kuwa hata katika arobaini iliyotimia mzazi akilia siku nyingi huambiwa hana shukrani, au amepagawa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Huzuni ya mzazi ina matabibu wake, na kusoma juu ya kichwa chake hakuzuii kumpeleka hospitali.

Basi kwa wazazi waulizao, nasema hivi. Walpole mwaweza kumwacha, hampungukiwi na kitu. Radcliffe ni mrefu mno, lakini hana dhara. Poe apewe aliyekomaa. Bly na karatasi ya manjano zisomwe na wakubwa kwanza, mume na mke pamoja kama yawezekana, kisha wakiona yafaa wampe kijana na wakae naye kuzungumza. Filamu ni khabari nyingine. Nyingi zimechukua uso wa dirishani wakauacha moyo wa hadithi, kwa kuwa uso ndio uuzao tikiti.

Na mkiisoma ya Bly, mtazameni vyema Bibi Grose, mtunza nyumba, ambaye hajui kusoma wala kuandika, na ambaye mwalimu amwona kuwa mzito wa fahamu. Kule ziwani, mwalimu aliponyoosha kidole na kumlazimisha Flora aseme kuwa amwona maiti ng'ambo ya pili, Bibi Grose alitazama kwa macho yake mawili, akasema haoni kitu, akamkumbatia mtoto. Kesho yake mwenyewe alitikisika, kwa maneno machafu aliyoyasikia kinywani mwa Flora usiku wa homa, akasema sasa aamini. Hata hivyo hakukaa kumhoji. Alimfunganya, akampandisha gari, akaenda naye London kwa ami yake, sharti au si sharti. Flora ndiye aliyetoka Bly akiwa hai.